Hilla, Mgombea Namba Thelathini na Nane

Siku Hilla Ylinen alipoamua kugombea udiwani, mkononi alikuwa ameshika birika la kahawa. Ilikuwa Novemba, kwenye ukumbi wa zimamoto wa Kaarnasuo, manispaa ndogo ya huko kaskazini kwenye theluji, na wakubwa wa chama walikuwa wamezunguka meza wakipanga majina ya wagombea wa uchaguzi wa Aprili. Vijana nao walialikwa. Walialikwa kumimina kahawa. Chama chenyewe sitakitaja, maana nikikitaja tu nusu yenu mtanuna na nusu mtashangilia, na hakuna atakayenisikiliza tena habari za Hilla.

Umoja wa vijana wa chama, tawi la Kaarnasuo, ulikuwa na wanachama watano, wawili kati yao mapacha. Mwenyekiti alikuwa Eeli Sorvari, kijana wa miaka kumi na minane, mwembamba, mwenye hotuba tayari kwa kila jambo, hata kwa kufungua dirisha. Kwa miaka miwili kazi yao ilikuwa kutundika mabango kwenye nguzo za taa, kuchoma soseji sokoni wakati wa kampeni na kupigwa picha na wakubwa. Picha ndizo zilizopendwa zaidi. Chama kikipigwa picha na vijana huonekana kina kesho.

Hilla alikuwa na miaka kumi na tisa. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuzunguka nyumba za wazee, kuwapa dawa, kuwavisha soksi za kubana miguu na kusikiliza malalamiko yao. Alikuwa na mdomo, huyo binti, na moyo wa kukubali kazi yoyote aliyopewa. Ndiyo maana birika lilikuwa mkononi mwake.

"Na ile sekondari ya juu," alisema Mzee Tauno Hautaviita, aliyekuwa diwani kwa miaka ishirini, sauti yake nzito na ya polepole. "Wanafunzi arobaini na mmoja, walimu tisa, paa linavuja. Baraza jipya liifunge. Watoto waende kusoma mjini."

Mjini ni kilomita tisini. Kwenda kusoma mjini maana yake mtoto wa miaka kumi na sita apange chumba peke yake, ajipikie peke yake, na arudi kwao Ijumaa kwa basi. Pinja, mdogo wake Hilla, alikuwa na miaka kumi na mitano.

Hilla akaacha kumimina. "Na sisi je?"

"Nyie nini, binti?"

"Sisi vijana ndio tunaosoma humo. Hakuna anayetuuliza?"

"Ndiyo tunawauliza. Mnataka maziwa kwenye kahawa?" alidakia mtu upande wa pili, na meza nzima ikacheka.

Damu ilimpanda Hilla mpaka masikioni. Akaliweka birika juu ya karatasi za mkutano, likaacha duara la kahawia juu ya jina la mtu. "Niandikeni. Nagombea."

"Na mimi!" akaropoka Eeli, ambaye dakika moja kabla wazo hilo halikuwa limempitia kichwani.

Wakubwa wakatazamana. Orodha ilikuwa bado ina nafasi, na wagombea wengi humaanisha kura nyingi za chama, hata kama mgombea mwenyewe hapati kitu. Wakawaandika. Hilla akapewa namba 38, Eeli namba 41. Kule mpiga kura haweki alama. Huandika kwa mkono namba ya mtu anayemtaka. Kura zote hujumlishwa kwenye orodha ya chama, kisha viti vya chama hupewa wale wa orodha hiyo walioandikwa na watu wengi. Kwa hiyo mshindani wako mkubwa mara nyingi ni mwenzako wa chama kimoja, mliyekaa naye meza moja.

Jamani, kampeni ile! Sijui kama Kaarnasuo itaona tena kitu kama hicho. Mwezi wa pili, baridi ya kukausha pua, vijana watano walisimamisha hema sokoni na kuwasha jiko la soseji. Mapacha waligawa maandazi ya iliki. Eeli alihutubia hata mbwa waliofungwa nje ya duka. Hilla aliwabeba akina mama wenye mizigo kwenye kigari cha kusukuma juu ya barafu, akawafikisha mpaka mlangoni, na njia nzima walizungumza habari za shule.

Shida ilikuwa kazini. Huko alikatazwa kabisa kutaja siasa, naye akatii. Wazee ndio waliokataa kutii.

"Namba yako ngapi, mwanangu?" aliuliza Bi Saimi, wa miaka themanini na nane, huku akivishwa soksi.

"Bibi, siruhusiwi kusema. Nitafukuzwa kazi."

"Basi usiseme. Kuna bango lako kwenye nguzo mbele ya dirisha langu. Ulilitundika hapo kwa bahati tu, siyo?"

"Kwa bahati kabisa, Bibi."

"Nilidhani hivyo. Picha mbaya lakini. Umekenua meno."

Machi ilipofika wakubwa waliacha kucheka. Gazeti la mkoa lilichapisha picha ya Hilla na kigari chake. Mzee Tauno mwenyewe alipita hemani, akala soseji mbili, akasema shule itafungwa tu maana manispaa haina uwezo wa kuilea, akatoa sababu kumi, zote za kweli, akashukuru kwa soseji na kuondoka. Hilla alimchukia kwa muda wa jioni nzima. Tatizo la Mzee Tauno lilikuwa hilo: hakuwa mwongo.

Jumapili ya uchaguzi watu walipiga kura palepale shuleni, kwenye ukumbi wa michezo. Hilla alifika saa nne asubuhi na koti lake zuri. Ndani ya kibanda alikuta penseli imefungwa kwa uzi. Akaishika, akainamia karatasi, mkono ukataka kuandika 38.

Ukakataa.

Sasa hapa inabidi mjue jambo moja kuhusu Kaarnasuo. Kule mtu hajisifu, na kujiandikia namba yako mwenyewe ni kujisifu kupita kiasi. Zamani kuna bwana mmoja aligombea akapata kura moja. Watu wakajua ni yake, na mpaka anazikwa walimwita Kura Moja. Hakuna sheria inayokataza, sheria inaruhusu kabisa, lakini Bibi Lempi, aliyewalea Hilla na Pinja, alilisema wazi mezani: "Mtu aliyelelewa hajiandiki. Ni kama kujipakulia wewe kwanza wageni wakiwa wamekaa."

Tena kulikuwa na Eeli. Jana yake Eeli alikuwa amekaa juu ya kreti ya soseji, macho mekundu, akisema, "Nikipata sifuri, Hilla, nahama nchi. Sitanii."

Hilla akaandika 41. Akakunja karatasi, ikapigwa muhuri, akaitumbukiza. Alitoka nje moyo mwepesi, akijiona mtu mwema sana.

Matokeo yalianza kutoka saa mbili usiku, jua likiwa ndiyo kwanza linazama, maana kule siku za Aprili ni ndefu. Vijana walikuwa wamejazana jikoni kwa Bibi Lempi, simu tano juu ya meza moja. Chama chao kilipata viti vinne. Kiti cha kwanza, cha pili na cha tatu vilikwenda kwa wakubwa. Hapo Pinja akapiga yowe lililomwamsha paka.

"Hamsini na saba! Dada una hamsini na saba!"

"Na Mzee Tauno?"

"Hamsini na saba."

Jikoni kila mtu akaongea kwa wakati mmoja. Kiti cha nne kilikuwa cha Hilla au cha Mzee Tauno, sawasawa, kura kwa kura. Na jambo lenyewe lilikuwa zito zaidi ya hapo. Eeli alichukua kalamu akahesabu baraza zima la watu ishirini na mmoja. Kumi walikuwa wameahidi kuifunga shule. Kumi walikuwa wameahidi kuilinda. Aliyebaki ni huyo mmoja.

"Yaani shule yote imekaa juu ya kiti kimoja!" alisema Eeli, sauti ikimpanda. Kisha akatafuta jina lake mwenyewe mwisho kabisa wa orodha. "Nina kura moja," akasema. "Ngoja. Nina kura moja! Kuna mtu Kaarnasuo ana akili timamu!"

Asubuhi ya Jumatatu, kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta, watu hawakuona akili yoyote.

"Karibu, Kura Moja!" dereva mmoja wa malori ya magogo alimpigia Eeli kelele. "Penseli haikukuumiza kidole?"

"Sikujiandikia!" Eeli aliruka kutoka kwenye kiti. "Naapa! Mimi nilimwandikia Hilla!"

"Basi nani alikuandikia wewe? Mama yako?"

"Mama yuko chama kingine!"

Watu walicheka mpaka vikombe vikatikisika. Pinja ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa anamtazama dada yake, ambaye alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari, mashavu mekundu, shingo nyekundu.

"Dada. Hebu niangalie."

"Nini?"

"Uliandika namba gani?"

Hilla hakuweza kudanganya, hakuwahi kuweza. Pinja akainuka, machozi yamemjaa, akamshika mkono akamtoa nje kwenye baridi.

"Kura moja tu, Dada! Moja! Ungekuwa na hamsini na nane!"

"Nilijua? Ningejuaje?"

"Si kujua, ni kujitaka! Umewaomba watu hamsini na saba wakuandike, na wewe mwenyewe hukujitaka. Mimi nitakwenda kulala peke yangu mjini kwa sababu ya adabu yako!"

Alisimama kwenye theluji iliyokuwa ikiyeyuka, maji yakimwingia viatuni, akamwona mdogo wake anaondoka haraka bila kofia. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, na ilimuuma zaidi kwa sababu ilitoka kwenye jambo ambalo alifundishwa kuwa ni zuri.

Hesabu ilirudiwa Jumanne. Namba zikabaki vilevile. Sheria ya huko haina maneno mengi juu ya sare: mnaokota karatasi, kama watoto wanaogombea peremende ya mwisho. Jumatano saa tano asubuhi Hilla alifika ofisi za manispaa, akakuta Mzee Tauno amekaa kwenye korido peke yake, amevaa suti ya msiba. Mkewe, Bi Hellin, alifariki Januari. Kwenye meza ndogo kulikuwa na birika, na safari hii Mzee Tauno ndiye aliyemmiminia Hilla.

"Hujalala," alisema.

"Nimefanya ujinga, Mzee." Na yote yakamtoka, hata hakujua kwa nini anamwambia mtu huyo kati ya watu wote. Kibanda, penseli, Bibi Lempi, Eeli na kreti yake. "Pinja hasemi nami. Na ana haki. Ningejiandikia, leo tusingekuwa hapa."

Mzee Tauno alishika kikombe chake bila kunywa.

"Mimi nilijiandikia," alisema mwishowe.

"Ni haki yako, Mzee."

"Chaguzi tano sikujiandikia hata mara moja. Mimi nilimwandikia Hellin, ingawa hakuwa anataka kitu, alikubali jina lake liwekwe tu kujaza orodha. Yeye akaniandikia mimi. Tulikuwa tunacheka tukirudi nyumbani." Akaweka kikombe chini. "Mwaka huu niliingia kibandani nikasema, sasa nani ataniandikia? Nikageuka kutazama nyuma kama mwizi. Nikaandika namba yangu."

Hilla alitaka kusema kitu cha kumliwaza, lakini mlango ulifunguliwa na Bi Orvokki, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akawaita ndani.

Chumba kilijaa. Eeli na mapacha walikuwa wamebanana dirishani, na nyuma yao, Hilla aliona, alikuwepo Pinja, kofia mkononi. Bi Orvokki alionyesha karatasi mbili za ukubwa mmoja, akaandika majina, akazikunja mara mbili, akazitia kwenye mtungi mtupu wa maua. Akautikisa. Bi Orvokki akafumba macho, akaingiza mkono, akatoa.

"Hautaviita, Tauno."

Eeli alitoa sauti ya mtu aliyekanyagwa. Watu wakapiga makofi kidogo, kwa heshima. Hilla alimpa mzee mkono, na mkono wa mzee ulikuwa baridi na hauna nguvu. Mzee hakufurahi hata kidogo. Alisimama akitazama mtungi ule kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Hilla Ylinen ni diwani wa akiba wa kwanza," Bi Orvokki alisoma kwa sauti ileile. "Ataitwa endapo diwani wa orodha yake atashindwa kuhudhuria."

"Na hawa wazee wetu hawaumwi kamwe," Eeli alinong'ona. "Wanaoga kwenye maji ya barafu."

Pinja alimsubiri dada yake mlangoni. Alimvalisha kofia yake mwenyewe, wakaenda nyumbani.

Baraza jipya lilianza kazi mwezi Juni, na ajenda ya kwanza kubwa ilikuwa shule. Siku ya kikao, saa saba mchana, Hilla alikuwa kwa Bi Saimi anahesabu vidonge, simu ikalia. Alikuwa ni katibu wa manispaa.

"Ylinen? Saa kumi na moja unaweza kufika barazani? Hautaviita ametoa udhuru. Mafua."

Vidonge vikamwagika mezani. "Mafua? Juni?"

"Ndivyo alivyosema. Unaweza, au nimwite mwingine?"

"Usimwite mtu!" Hilla alipiga kelele. "Nakuja! Nakuja hata kwa miguu!"

Bi Saimi alivuta kisanduku cha vidonge karibu yake. "Nenda, mwanangu. Hivi navijua mwenyewe, najifanya tu sivijui ili ukae."

Kikao kilichukua muda wa saa mbili na nusu. Hilla alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mzee Tauno, amevaa sare ya kazi maana hakupata muda wa kubadili, na mikono yake ameikalia. Alipopewa nafasi alisimama. Eeli alikuwa amemwandikia hotuba ya kurasa sita. Hakuisoma. Alisema kwamba shule ina watoto arobaini na mmoja, na kama baraza linaona ni wachache, basi na liwataje mmoja mmoja kwa majina na kumweleza kila mmoja kwa nini ahame kwao. Kisha akaanza kuyataja yeye, kwa kichwa, yote.

Kura zilipigwa kwa kuitwa jina. Ndiyo maana yake ifungwe, hapana maana yake ibaki. Walianza na A. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo. Kule nyuma, kwenye viti vya watazamaji, Pinja alikuwa anahesabu kwa vidole, na mapacha wameshikana mikono. Kumi kwa kumi. Jina la mwisho kwenye orodha lilianza na Y.

"Ylinen, Hilla."

Kwa mara ya kwanza katika historia ya mdomo ule, neno moja lilitosha.

"Hapana."

Ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti aligonga nyundo yake na hakuna aliyeisikia. Pinja aliruka vizuizi, jambo lisiloruhusiwa, akamkumbatia dada yake mpaka kiti kikaanguka. Eeli alikuwa analia waziwazi na kuhutubia kwa wakati mmoja. "Umoja wa vijana!" alikuwa anasema. "Umoja wa vijana!" na hakufika zaidi ya hapo.

Hilla alijichomoa, akachukua baiskeli ya kwanza aliyoikuta nje, sijui ya nani, akakanyaga kwa nguvu zake zote kwenye barabara ya ziwani. Jua la Juni, ambalo kule huchelewa sana kuzama, lilikuwa juu bado. Alifika kwa Mzee Tauno anahema, nywele zimemtimka.

Mzee alikuwa uani. Alikuwa amevua shati, shoka mkononi, anapasua magogo, na rundo la kuni lililokuwa nyuma yake lingetosha majira mawili ya baridi. Alipomwona, aliweka shoka chini haraka akajikohoza.

"Kumi na moja kwa kumi," alisema Hilla. "Inabaki."

"Hasara kubwa kwa manispaa," alisema Mzee Tauno. "Paa lile mtalilipia mpaka mzeeke. Ningekuwepo ningepinga."

"Mzee, huumwi."

"Naumwa. Nimemwambia katibu."

"Kwa nini lakini?"

Alichukua shati lake kwenye kigogo, akalivaa taratibu, akafunga kila kifungo. "Kwa miezi miwili nimejaribu kukiona kile kiti ni changu," alisema. "Kura yangu ya hamsini na saba naijua iliandikwa na nani. Kwa siku hii moja, ya kura ya shule, nimeona kiti si changu. Kesho nitapona, na nitapinga kila jambo mtakaloleta, wewe na yule Kura Moja wako. Umesikia?"

"Nimesikia." Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka.

"Na baada ya miaka minne, binti, ukiingia kibandani, andika namba yako. Mimi nitakuwa mtaani nakupinga. Sitaki tena kushinda namna hii."